Picha Aliyoiagiza Hawe

Pipeline, Embakasi
Jumapili, baada ya mvua

Kaka yangu Kahindi,

Pokea salamu zangu, na kabla hujasoma zaidi kaa chini kwanza. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimeniachia, macho bado yanatofautisha rangi, na mkono wa kuume unashika brashi. Nyinyi sijui mu hali gani. Wifi Dama naomba awe ameanza kula. Mama aliyezika mtoto huambiwa ale na kila apitaye, ila hapati wa kumkalia karibu mpaka amalize sahani. Mwambie nilimlilia mwanenu Mapenzi. Nilimlilia kwenye ngazi, mtungi wa maji begani, na watu wakanipita wakidhani mtungi umenielemea.

Nimekupigia simu mara nyingi. Inaita, halafu inakatwa. Ndiyo maana naandika. Mama Jumwa, jirani yetu wa huko kijijini, anarudi nyumbani kesho kutwa, naye ameahidi kuitia barua hii mkononi mwako na kusimama papo hapo mpaka uifungue. Amenifikishia pia lile ulilomtuma: kwamba unataka kuja Nairobi kumwomba Hawe, bibi yetu, msamaha, na mbuzi umeshamtenga. Jibu lako limo humu. Sitalitanguliza, kwa sababu ukilipata mapema hutasoma mengine, na mengine nataka uyasome.

Kazi yangu unaijua nusu. Asubuhi nachora vichwa vya wanawake waliosukwa kwenye kuta za saluni za Jericho, na ng'ombe wanaotabasamu kwenye milango ya bucha, kana kwamba wamefurahia kuchinjwa. Hiyo ndiyo inayonilisha. Alasiri, katika kibanda cha mabati nilichokodi nyuma ya soko, nachora yangu: hadithi za kwetu, matambiko, koma, wafu wetu wa ukoo, na vigango vya mti vya kuwakumbukia. Nachora kwa miili ya watu. Mtu akisimama mbele ya kazi yangu nataka aone goti na shingo na kiganja kabla hajaona pepo.

Mwaka huu nilimchora Katsumbakazi. Unamkumbuka, pepo wa kike mfupi kama mtoto, anayemzuia mtu njiani na kumuuliza, "Umenionea wapi?" Ukijibu, "Nimekuona hapa hapa," umemtukana ufupi wake, na hutoki msituni. Ukijibu, "Nilikuona tangu kule mbali," anafurahi na kukupisha. Hawe alitusimulia hadithi hiyo mwaka aliofariki mama, mimi na wewe tumejifunika kanga moja. Kwa hiyo nilipotafuta uso wa kumpa pepo yule, nilimpa wa Hawe. Sijawahi kusikia uso mwingine ukiuliza swali lile. Nikamvisha hando nyeupe ya marinda, nikamshikisha kifuvu cha nazi chenye tembo la mnazi la kumwagia koma, na nyuma yake nikasimamisha vigango vimefungwa vitambaa vyekundu viunoni. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kuchora. Nasema hivyo hata leo.

Rangi haijakauka, niliipiga picha kwa simu nikakutumia. Wewe peke yako, Kahindi. Hata rafiki zangu wachoraji hapa walikuwa hawajaiona. Ukanijibu, "Dada, umetisha. Ni Hawe mtupu." Siku ile nilichora ng'ombe wa bucha huku nikiimba.

Kisha homa ikamchukua Mapenzi, na yaliyofuata nimeyapata kwa kinywa cha Mama Jumwa, kwa sababu wewe hukunipa. Watu wangali matangani wakimtafuta aliyemroga mtoto, simu yako ikaanza kupita mkono kwa mkono. "Tazameni. Mjukuu wake mwenyewe, aliyesoma, aliyeko Nairobi, amemchora pepo. Wa damu yake ndiye amjuaye." Mama Jumwa hakukusikia wewe ukiyasema. Lakini simu ilikuwa yako, na ilirudi mfukoni mwako.

Vijana walikuja asubuhi, jua limeshapanda. Hawakuona haja hata ya kungoja giza. Hawe alikuwa ndani, anapepeta mahindi. Mmoja aliinua ile simu juu, akageuka akakuuliza wewe, uliyekuwa umesimama penye ghala, "Ni huyu?"

Ukasema, "Ndiye."

Basi. Hukusema jingine. Mama Jumwa anasema hukupaza sauti, ulijibu kama mtu anayeulizwa ni ng'ombe yupi wa kuuzwa. Makuti yakashika moto. Hawe akatoka ameinua mikono kukinga uso, na panga likaukuta mkono wa kuume. Wangemmaliza, ila Mama Jumwa aliingia katikati na sufuria ya uji uliokuwa ukichemka akasema atakayesogea ataoga. Mwanamke wa kanisa, hana undugu nasi hata wa kuombea chumvi. Alimfunga Hawe mkono kwa leso yake ya kichwa. Baadaye alirudi kuvitafuta vidole viwili majivuni ili vizikwe, akavikosa.

Nimejaribu kukutetea moyoni. Nimesema, ni uchungu, baba aliyetoka kufukia mwanawe hajui atendalo. Nilikuwa nimekaribia kujiaminisha. Halafu Mama Jumwa akaniambia kuwa majivu hayajapoa ulikuwa umeshaleta mtu wa kupima lile shamba ambalo Hawe alikataa liuzwe. Uchungu haushiki kamba ya kupimia, kaka.

Hawe alifika kwangu akiletwa na Mama Jumwa, amejikunja kama nguo iliyokamuliwa. Hospitalini waliusafisha mkono, wakakata kilichooza, wakatuambia turudi, na turudi tena. Chumba changu kiko orofa ya sita. Pipeline huijui: nyumba zimesimama kifua kwa kifua, na ukifungua dirisha unaona sufuria ya mwenzio ina nini. Jua kwetu huingia kama mtoza ushuru, linachungulia na kuondoka. Siku ya kwanza Hawe alikaa penye kibaraza cha kuanikia nguo akatazama chini muda mrefu.

"Kadzo, watu wote hawa huzikwa wapi?"

"Wengi hurudishwa kwao, Hawe."

Akautazama mkono wake.

Majirani hawakuchelewa. Mama Brayo wa mlango wa pili alinishika penye mfereji. "Niaje Kadzo. Huyo shosho wako, mkono ilifanywa nini?"

"Moto."

"Moto haikati vidole."

Sijui nani alimpa mengine. Dunia hii ina simu nyingi. Wiki haijaisha, msimamizi wa ploti akapanda mpaka mlangoni kwangu, akasimama nje, hakutaka kuingia. "Sista, mimi sina noma na wewe. Lakini watu wanasema huyo mzee alifukuzwa kwao juu ya uchawi. Kuna mtoto hapa chini halali. Mimi sijui mambo yenu ya pwani. Akae tu ndani, asionekane kwa ngazi, la sivyo hama."

Nikamwambia sawa. Kahindi, nilisema sawa, kwa sababu sina pengine pa kumpeleka. Tangu hapo Hawe, aliyekuwa akitembea alfajiri mpaka mtoni na kurudi kabla sisi hatujaamka, hajashuka ngazi ila kwa kwenda hospitali na safari moja nitakayokueleza, na hapo humfunika kanga mpaka machoni. Mtoto wa Mama Brayo akikutana naye hutema mate chini mara mbili. Amefundishwa.

Mwezi uliofuata tulifanya maonyesho madogo Jericho, wachoraji wachache, katika ukumbi wa kukodi. Sikutaka kumpeleka Katsumbakazi. Wenzangu wakanisihi, nikampeleka. Akaja bwana mmoja mwenye nyumba za kupangisha kule Njiru, mtu wa suti safi, anayekusanya picha kama wengine wanavyokusanya saa. Alisimama mbele yake mpaka chai yake ikapoa. Mmoja wa wenzangu, kwa kudhani ananisaidia, akamnong'oneza yaliyompata mwenye uso ule. Yule bwana akanijia macho yamemwaka.

"Kwa hivyo yuko hai? Yuko hapa Nairobi?"

"Yuko."

"Nitanunua. Lakini nataka yeye asimame kando ya picha, nimpige moja. Na ule mkono uonekane. Bila mkono haina maana."

Nilimwambia aondoke mbele yangu. Nyumbani nikamsimulia Hawe ili anisaidie kukasirika. Yeye akauliza, "Dawa ya mkono imebaki kiasi gani?" Nikamjibu imekwisha. "Basi mwambie aje."

Wakaonana kibandani Jericho. Hapo ndipo Hawe alipoiona picha ile kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekatwa kwa ajili yake na alikuwa hajaiona. Akaisogelea, akainamisha kichwa huku na huku, jinsi anavyokagua kuku sokoni.

"Huyu ni mimi?"

"Ni Katsumbakazi, Hawe. Nimemwazima uso wako."

"Umenifanya mfupi," akasema, akacheka. Naapa, alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akagusa shavu la picha kwa kidole. "Lakini umekosea. Katsumbakazi hana huruma machoni. Huyu uliyemchora angemwachia kila mtu apite."

Yule bwana hakusikia hata neno. Alikuwa akitafuta mwanga. "Mama, sogea kushoto. Inua mkono. Juu kidogo. Fungua bendeji tafadhali." Hawe akaifungua mwenyewe, kwa meno. Akauinua. Bwana akapiga, akapiga tena, akasema, "Usitabasamu." Mimi nilikuwa nimeshika mlango wa kibanda, na nilichofanya ni kuushika tu. Picha ikauzwa. Dawa ikanunuliwa. Kama unatafuta mwenzio wa kusema kwamba mikono yake si safi, mimi hapa, lakini usikae karibu nami.

Nilipoipeleka picha kwake Njiru, niliona kiwanja kitupu kando ya ukuta wake, udongo mwekundu umechimbuliwa kwa msingi. Hawe alikuwa ameniomba udongo tangu alipofika. Alijaribu kutambika pale kibarazani, maji yakatambaa juu ya sakafu yakamdondokea mtu wa orofa ya tano, tukatukanwa. "Koma hawanywi saruji," akasema. Basi nikajaza ndoo ya rangi, nikampandishia ngazi zote. Aliutia mkono mzima ndani ya ule udongo akaufinyanga kama unga wa sima. Ndiyo mara ya kwanza tangu afike kumwona akilia.

Asubuhi yake alichanganya unga na maji katika kikombe changu cha plastiki, kwa sababu tembo la mnazi tungelitoa wapi, akachuchumaa mbele ya ndoo. Mimi nilikuwa nikichemsha chai. Nikamsikia anaita majina, anamwaga kidogo kwa kila mmoja. Babu yetu Karisa. Baba. Mama. Kisha, kwa sauti ya chini ya mtu anayebembeleza, "Wewe Mapenzi, kitukuu changu, kunywa." Yule mtoto alizoea kulala kwenye kitanda chake, Kahindi. Unajua nani alimkanda maji usiku wa homa.

Halafu akasema, "Wewe Kahindi, kunywa."

Nilidhani amechanganyikiwa. "Hawe, hapo unaita waliokufa. Kahindi yu hai."

"Nani kakwambia?"

Nilikuwa nimemficha. Tangu siku ya kwanza aliponiuliza, nilimwambia hukuwepo, ulikwenda mjini kununua vitu vya matanga, vijana walikuja kwa siri yao. Nikamrudia maneno yale yale. Aliningoja nimalize.

"Kadzo, mtoto niliyemlea nisiijue sauti yake? Nilikuwa nyuma ya ukuta wa udongo, si nyuma ya bahari. Wakamuuliza, naye akajibu. Mjukuu wangu alikuwa akisema, ulimi wake mzito kidogo, wa mtoto aliyechelewa kuacha ziwa. Ile iliyosema 'Ndiye' haikuwa yake. Mjukuu wangu alikufa asubuhi ile, na sikupata kumlilia kwa sababu ya mkono. Sasa mkono umepona."

Akakulilia. Sitakueleza kilio kile, maana ni chako, na mtu hasimuliwi matanga yake. Alikaa chini siku kadhaa, hakula cha chumvi. Mama Brayo alisikia kupitia ukutani, akaja kubisha, nikamwambia tumefiwa. Ajabu ni kwamba aliingia. Alikaa na Hawe mkekani, akamuuliza ni nani aliyefariki, Hawe akajibu, "Mjukuu wangu wa kiume, wa kwanza." Akamletea chai ya maziwa katika chupa. Jirani aliyemwogopa Hawe akiwa mchawi hakumwogopa akiwa mfiwa. Mwishoni Hawe akanikabidhi wembe, nikamnyoa nywele zote, kama ilivyo desturi.

Siku ile ile akaniambia, "Sasa mchore."

Nikamuuliza kama anataka nikuchongee kigango, hata kwa rangi tu. Akanikemea. "Kigango ni cha wazee wa chama cha Gohu. Yeye hakufika huko. Mchore uso na mwili wake. Na usimchore kwa hasira. Marehemu ukimkumbuka kwa ubaya wake hurudi nao."

Yeye ndiye aliyechagua. Kuna siku, mimi sikuwepo, aliugua tumbo, nawe ukampakia kwenye baiskeli ya baba ukamkokota mpaka zahanati, mlima wote ule, shati limekugandama mgongoni, ukimwimbia ili asilale. Akataka hiyo. Nimeichora kwa majuma mengi. Nimechora misuli ya miguu yako, vumbi, kanga yake inayoburuta karibu na gurudumu, na nyuma ya mlima koma wa kwetu wamesimama kukupokea, babu mbele, Mapenzi amemshika kidole. Kila jioni Hawe hunisahihisha. "Bega lake lilikuwa pana kuliko hilo." "Mtie kovu la kisogoni." Umetoka mzuri, kaka. Sijawahi kumchora mtu kwa upole namna hii, na kila nilipolainisha shavu lako nilitamani brashi iwe kisu.

Mdomo ulinishinda. Ulikuwa unaimba, kwa hiyo nilitaka kuuacha wazi, na kila nikiuacha wazi nilisikia neno moja tu likitoka. Hawe akaona ninavyoufuta na kuurudia. "Ufunge," akasema. Nikaufunga.

Kabla sijamaliza, nisalimie wifi Dama, na umpe ile kanga niliyoituma. Ni yake, usimpe mwingine. Nisalimie shangazi aliyetulipia karo, na yule mjomba anayeshona makuti mwambie mgongo wake namwombea. Watoto wa ndugu zetu nawasalimu wote. Hawe naye anawasalimu. Nilimsomea majina mmoja mmoja, akaitikia. Lako sikulisoma.

Sasa jibu. Mama Jumwa alipoleta ujumbe wako, Hawe alikuwa akimenya viazi kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia, "Hawe, Kahindi anataka kuja. Ana mbuzi."

Akaendelea kumenya. "Kahindi yupi?"

"Wetu."

"Wetu tulishamwondolea matanga."

Mama Jumwa akaangua kilio, na Hawe akaweka kisu chini akampa pole.

Sikukatazi kuja. Ngazi ni za watu wote. Ukibisha atakufungulia yeye mwenyewe, maana hajawahi kumwacha mgeni mlangoni. Atakupa kiti na maji, atakuuliza habari za njiani, kisha atakuuliza u mtoto wa nani. Ukimtajia jina lako atafurahi, atasema alikuwa na mjukuu wa jina hilo. Atakuonyesha picha ukutani, na atakusimulia jinsi alivyokuwa mtu mwema.

Mimi dada yako, niliyekaa matanga yako,
Kadzo